Hitilafu Isiyoandikwa Hutafuta Mtu wa Kusingiziwa

Leo sina kichekesho na sina densi. Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho kila mmoja wenu anakitumia na karibu hakuna anayekitaja: vile keneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi, inavyopanga msimbo wake wa kushughulikia hitilafu za maunzi. Usitoroke. Nitaongea kama naongea na mtu anayekula mahindi choma hapa steji ya Webuye akingoja matatu ya Kitale ijae. Na hiyo matatu unajua haijai haraka, kwa hivyo tuko na muda.

Msimamo wangu nausema mapema. Siku nzuri hata mkokoteni unafanya kazi. Mfumo, uwe wa kompyuta ama wa watu, unaujua kwa vile umejipanga kwa siku mbaya. Kitu kikivunjika, nani anakiona? Nani anaandika? Nani anaamua ni kikubwa ama ni kidogo? Nani anatibu? Kama hakuna aliyepewa hizo kazi, kosa halipotei. Linazunguka nyumba nzima likitafuta mtu wa kusingiziwa, na kwa kawaida linampata mdogo kabisa.

Vyuma pia huchoka

Tukubaliane kwanza kwamba maunzi hukosea. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kompyuta haikosei, mtu ndiye anakosea. Si kweli. RAM ni mamilioni kwa mamilioni ya vijishimo vidogo vya umeme, kila kimoja kinashika biti moja, sifuri ama moja. Joto likizidi, umeme ukiyumba, chipu ikizeeka, ama chembe ndogo kutoka angani ikipita mahali pabaya, biti inageuka. Sifuri inakuwa moja. Hakuna king'ora kinalia.

Mfano unaojulikana sana ni wa Ubelgiji. Mei 2003, kwenye uchaguzi katika mtaa wa Schaerbeek, Brussels, mgombea mmoja alionekana amepata kura 4096 zaidi, hesabu ambayo haikuwezekana kabisa. Wataalamu walipekua programu na hawakupata kasoro. Lakini angalia hiyo nambari: 4096 ni mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani thamani ya biti moja tu. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe. Sasa fikiria hiyo ingetokea kwenye kituo cha kura hapa kwetu, halafu uniambie nani angelala nyumbani usiku huo.

Na si jambo la mara moja kwa karne. Mwaka wa 2009 watafiti wa Google pamoja na wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti juu ya seva za Google, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilikuwa na hitilafu ndani ya mwaka mmoja. Hizo ni seva zinazotunzwa kwenye chumba chenye baridi, si mashine iliyo juu ya stuli kwenye chumba cha mabati.

Dawa ya kwanza iligunduliwa zamani. Mwaka wa 1950 Richard Hamming wa Bell Labs alichapisha njia ya kuongeza biti chache za ukaguzi juu ya data, ili mashine iweze kugundua kosa na kulirekebisha. RAM yenye ECC inatumia wazo hilo: kwa kila biti 64 za data kuna biti 8 za ukaguzi, jumla 72. Biti moja ikigeuka, inarekebishwa papo hapo. Mbili zikigeuka pamoja, haiwezi kurekebisha, lakini angalau inajua kuna shida. Ndiyo maana ukikishika kipande cha RAM ya ECC, mara nyingi utahesabu chipu 9 mahali ambapo ungetarajia 8. Ile ya tisa ni mkaguzi.

Lakini mkaguzi akiona kosa, anamwambia nani? Hapo ndipo keneli inaingia.

Kwa nini hii ni kitu yangu

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, nikarudi nyumbani, nikaanza kushuti na kuhariri video. Harusi, matanga, na hizi zangu mnazoziona. Nilinunua mashine ya mezani ya mitumba kule Bungoma, zile huja kutoka ofisi za Ulaya, na prosesa ya Xeon na vipande vinne vya RAM ya ECC. Wakati huo sikujali hiyo ECC ni nini. Nilijali bei.

Baada ya muda ikaanza tabia. Ninaitoa video, inafika asilimia sitini, sabini, pap, inajizima na kujiwasha. Wakati mwingine siku tatu iko sawa, ya nne inaanguka mara mbili. Nilikuwa na video ya kumuse wa mzee mmoja, saa mbili na nusu za hotuba, familia imelipa nusu na inapiga simu kila jioni. Ukipoteza kazi ya matanga mji kama huu, umepoteza kata nzima.

Nikaita fundi. Akasema ni virusi, akaweka mfumo upya, akalipwa. Wiki moja, ikaanguka tena. Akarudi, akaweka upya, akalipwa. Sasa virusi vimetoka wapi? Khocha, yaani mjomba wangu, alikuwa ameketi hapo sebuleni na akatoa hukumu: "Ni huyu kijana na michezo yake." Kijana ni ndogo yangu, wakati huo kidato cha pili, ambaye alikuwa akicheza mpira kwenye hiyo mashine nikiwa nje ya kazi. Alipigwa marufuku likizo nzima. Alisema mara moja tu, "Khocha, si mimi," halafu akanyamaza, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili hana ushahidi na mzee hahitaji.

Mimi sikuamini hiyo hukumu, lakini pia sikuwa na kitu cha kuweka mbele ya mzee. Ndiyo nikaweka Linux, nikaanza kusoma kumbukumbu za mashine. Na hapo, bila mbwembwe, keneli ilikuwa inaandika: hitilafu imerekebishwa, hitilafu imerekebishwa, hitilafu imerekebishwa. Kwa kila tundu la RAM kuna hesabu yake. Matatu yalikuwa sifuri. Moja lilikuwa limepita mia mbili na linaendelea kupanda nikiangalia. Yaani kipande kimoja kilikuwa kinakosea biti moja moja, ECC inarekebisha kimya kimya, na siku kikikosea mbili kwa pamoja, mashine inasimama.

Nilizima, nikang'oa hicho kipande, nikawasha. Video ya kumuse ikatoka usiku huo huo. Mashine haijaanguka hivyo tena.

Niwe mkweli kwa upande wa pili: Windows nayo ina daftari lake la hitilafu za maunzi, linaitwa WHEA, tangu enzi za Vista. Ushahidi pengine ulikuwa hapo siku zote. Fundi hakulifungua tu. Daftari lisilosomwa na daftari lisilokuwepo yana matokeo sawa kwa yule anayesingiziwa.

Kazi tano, mikono tofauti

Baada ya hapo nikawa na swali ambalo halikuniacha. Chipu ya mkaguzi haijui neno "tundu la tatu". Haijui mimi ni nani. Imewezaje kufika mpaka hapo, kwenye sentensi ninayoweza kumsomea mzee? Linux iko wazi, mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake, hata msee aliyetoka chuo, hata kwa simu. Ndiyo hiyo keneli ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka wa 1991, na ndiyo iko ndani ya kila simu ya Android mnayoshika sai. Nikaanza kusoma. Na kilichonishika ni mpangilio: kazi zimegawanywa kulingana na nani anajua nini.

Kazi ya kwanza ni kushika. Kwenye prosesa za x86, maunzi yakigundua kosa baya, yanapiga keneli mkatizo namba 18. Huu mkatizo hauna adabu. Unaweza kuingia wakati wowote, hata keneli ikiwa katikati ya kazi nyeti na imefunga kufuli. Sasa fikiria: anayeshughulikia hitilafu naye akihitaji lile kufuli, atasubiri. Atasubiri nani? Mwenye ufunguo ndiye huyo aliyekatizwa, amelala chini yake. Mashine imekwama milele. Kwa hivyo sheria ni kwamba anayeshika hafanyi mengi. Anasoma rejista za prosesa, ananakili taarifa kwenye nafasi iliyotengwa mapema, na kama mashine inaweza kuendelea, anaondoka. Hiyo nafasi ina faili yake, genpool.c. Kazi nzito zitafanywa baadaye, hali ikitulia.

Watu wa Webuye tunaishi kando ya barabara kuu ya Malaba, hii tunaielewa vizuri. Boda ikianguka, mtu wa kwanza kufika hafanyi upasuaji pale kwenye lami. Anatoa majeruhi barabarani, anaangalia anapumua, anapiga simu. Kuna hospitali ya hapa, na kesi ikizidi kuna rufaa mpaka Eldoret. Kila ngazi ina kazi yake, na ya kwanza ikijaribu kufanya ya mwisho, mtu anakufa.

Yale makosa madogo, yaliyorekebishwa tayari, hayahitaji huo mkatizo mkali. Maunzi hutuma taarifa ya kawaida, ama keneli yenyewe inazunguka kuangalia rejista, kwa kawaida kila dakika 5. Kama askari wa usiku mwenye rungu na tochi.

Kazi ya pili ni kuhukumu. Iko kwenye faili severity.c, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Kwa upande wa chipu za Intel, hukumu zimeandikwa kama jedwali. Kila safu inasema: biti hizi zikiwa hivi kwenye rejista ya hali, ngazi ya hatari ni hii. Kuna biti inayosema kosa halikurekebishwa. Kuna biti inayosema hali ya ndani ya prosesa yenyewe imeharibika, haiaminiki. Ukiwa na hiyo ya pili pamoja na kosa lisilorekebishwa, hakuna mjadala, mashine isimame. Sheria zikiwa kwenye jedwali, unazisoma kama ratiba ya mechi. Zikiwa zimetawanywa ndani ya msimbo mrefu wa "kama hivi, basi vile", hakuna anayejua sheria ni gani, na kila mtu anaogopa kugusa.

Na hapa nitetee kitu ambacho watu wanakichukia. Mashine kusimama ghafla si dharau. Prosesa ambayo haiamini kumbukumbu zake ikiendelea kuandika kwenye diski, inaweza kuharibu faili zako zote kwa upole. Bora isimame na iseme imesimama. Mimi nilipoteza masaa, sikupoteza picha hata moja.

Kazi ya tatu ni kutafsiri. Chipu inatoa anwani na namba za ajabu ajabu. Mtu anataka kujua ang'oe kipande kipi. Kazi hii ni ya folda nyingine, drivers/edac, yenye draiva tofauti kwa kila familia ya kidhibiti cha kumbukumbu, kwa sababu Intel wanapanga RAM kwa njia yao na AMD kwa yao. EDAC iliingia kwenye Linux mwaka wa 2006, toleo 2.6.16. Kabla ya hapo ilikuwa mradi wa pembeni ulioitwa Bluesmoke, moshi wa bluu. Aliyewahi kuunguza adapta anaelewa hilo jina.

Kazi ya nne ni kuandika na kuhesabu, ili kesho tuweze kuona mwelekeo. Kosa moja si habari. Makosa mia mbili kwenye tundu moja na sifuri kwenye matatu ni habari. Siku hizi kuna programu ya rasdaemon inayosikiliza keneli na kuhifadhi kila taarifa kwenye hifadhidata ndogo, mashine ikizimwa haipotei.

Kazi ya tano ni kutibu, na iko mbali kabisa na hizo zingine: mm/memory-failure.c, ndani ya folda ya usimamizi wa kumbukumbu. Iliingia 2009 na toleo 2.6.32. Kwa nini huko? Kwa sababu swali limebadilika. Sasa si "chipu imesema nini", ni "ukurasa huu wa RAM ulikuwa wa nani". Kama ni nakala ya faili iliyo salama kwenye diski, unatupwa na kusomwa upya, hakuna anayejua kitu kilitokea. Kama ni wa programu fulani, hiyo programu pekee ndiyo inauawa, zingine zinaendelea. Kama ni wa keneli yenyewe, hapo maze hakuna mengi ya kufanya. Mtu wa kitengo cha kumbukumbu ndiye anajua wenyewe wa kurasa, kwa hivyo matibabu yako kwake.

Daftari linalopitishwa

Sasa hawa wote wanapashana habari vipi? Taarifa ikishatoka kwenye ile nafasi iliyotengwa, inapitishwa kwenye mnyororo wa wasikilizaji, kila mmoja na zamu yake. Zamani msikilizaji mmoja aliweza kusema "hii nimemaliza" na kuukata mnyororo pale pale. Waliokuwa nyuma hawakujua kama kuna kitu kilitokea. Mwaka wa 2020, mabadiliko yaliyoandikwa na Tony Luck wa Intel yaligeuza utaratibu: taarifa ikapewa sehemu ya sahihi, inaitwa kflags. Ukishughulikia, unaweka sahihi yako na unapitisha mbele. Anayefuata anaona nani ameshughulikia, na anaamua mwenyewe kama bado kuna kazi yake.

Mama zetu walijua hii kitambo. Kwenye chama, daftari linazunguka, kila mtu anaweka sahihi na kupitisha. Hakuna anayelifunga na kuliweka kwenye mkoba wake eti yeye ameshaona. Chama ambacho daftari linaishia kwa mtu mmoja, mwisho wake mnaujua.

Kuna ubishi mmoja hapa ambao naona ni wa maana. Ndani ya Linux kuna sehemu inaitwa CEC, mkusanyaji wa makosa yaliyorekebishwa. Inahesabu makosa kwa kila ukurasa, na ukurasa ukikosea sana, inauondoa kwenye matumizi kabla haujaleta maafa. Wazo lake ni kwamba mtumiaji wa kawaida asitishwe na ujumbe wa kosa ambalo tayari limerekebishwa. Naelewa. Mtu akiona neno "hitilafu ya maunzi" anaweza kutupa mashine nzima kwa sababu ya biti moja. Lakini zile zilizomezwa na CEC, EDAC inaziruka, haziongezwi kwenye hesabu yake. Hapo ndipo natofautiana. Mimi nasema: usipige kelele, sawa, lakini hesabu daima. Kama hesabu ya lile tundu ingekuwa imefichwa ili nisishtuke, ndogo yangu angebaki na hatia mpaka leo. Kunyamaza mbele ya mtumiaji ni adabu. Kunyamaza kwenye daftari ni kuficha.

Majina nayo ni kazi

Kuna jambo lingine dogo ambalo watu hudharau. Mwishoni mwa 2018, Borislav Petkov, anayesimamia sehemu hii ya Linux, alibadilisha jina la folda kutoka mcheck kuwa mce, jina ambalo kila mtu alikuwa akilitumia tayari. Halafu akafuta kile kiambishi cha mce kwenye majina ya mafaili. mce-severity.c ikawa severity.c tu, kwa sababu ukiwa ndani ya nyumba huhitaji kuandika jina la nyumba kwenye kila kikombe. Hakuna mashine iliyokwenda kasi zaidi kwa sababu ya hilo. Lakini mtu mgeni, akiingia usiku na simu yake na bando ya shilingi ishirini, anaona core.c, severity.c, inject.c, amd.c, intel.c, na anajua mara moja aanzie wapi. Mgeni huyo nilikuwa mimi.

Hiyo inject.c niiseme kidogo. Ni ya kutengeneza hitilafu za uongo makusudi, ili msimbo ujaribiwe. Fikiria: msimbo wa siku mbaya unaweza kukaa miaka bila kukimbia hata mara moja. Siku ya kwanza unapohitajika ndiyo siku mbaya kuliko zote. Kama haujafanyiwa mazoezi, utaanguka juu ya mgonjwa. Kwa hivyo mahali pa kufanyia mazoezi ni sehemu ya mpangilio, si mapambo.

Lawama yangu kwa huu mpangilio nayo ipo. Kuna folda ya mce, kuna drivers/edac, kuna drivers/ras, kuna drivers/acpi/apei kwa taarifa zinazopitia kwenye programu ya ubao mama, na kuna mm. Sehemu tano. Mgeni anapotea. Msee mmoja aliniuliza, si wangeweka kila kitu faili moja wamalize? Nikafikiria sana. Jibu langu ni hapana. Faili moja ingemlazimisha anayejua chipu za AMD kugusa msimbo wa kurasa za kumbukumbu, na anayejua kurasa kugusa rejista za Intel. Kutawanyika kwa sababu ya ujuzi ni sawa. Kutawanyika kwa sababu hakuna aliyepanga ndiko kubaya. Ukitaka kujua ni kupi, uliza kila folda: wewe unajua nini ambacho wengine hawajui? Ikikosa jibu, iunganishwe na nyingine.

Sasa wewe ufanye nini

Kompyuta nyingi tunazonunua, hasa laptopu, hazina ECC kabisa. Januari 2021 Linus Torvalds mwenyewe aliwaka hadharani kuhusu hili, akiilaumu Intel kwa kuiweka ECC mbali na mashine za watu wa kawaida. Kuna wanaosema RAM mpya za DDR5 zina ECC ndani ya chipu. Kweli, lakini hiyo inajirekebisha yenyewe mle ndani na kwa kawaida haiambii keneli chochote. Mkaguzi yupo, daftari hakuna. Mkishafika hapa mnajua maoni yangu juu ya hilo.

Ukinunua mashine ya mitumba na ina Linux, andika dmidecode -t memory ukiwa na mamlaka ya mkuu wa mfumo. Ukiona upana wa jumla ni 72 na wa data ni 64, una ECC. Kisha angalia ndani ya /sys/devices/system/edac/mc, utaona hesabu. Weka rasdaemon mapema, usingoje ugonjwa. Kama iko Windows, fungua kitazama matukio utafute WHEA. Kama huna ECC na mashine inaanguka anguka bila sababu, iache usiku mmoja na Memtest86+, ni bure, kabla hujalipa mtu kuweka mfumo upya mara ya tatu. Hiyo pesa nunua RAM.

Ndogo yangu alirudishiwa mashine. Khocha nilimwonyesha zile hesabu, sifuri, sifuri, sifuri, na mia mbili na kitu. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe ni chuma." Basi. Msamaha haukutamkwa. Lakini siku iliyofuata alimpa kijana simu yake amrekebishie, na Khocha hampi simu yake mtu yeyote. Sisi tulisoma sahihi yake hapo.

Nimeona kazini, shuleni, nyumbani, vile pesa ikipungua kwenye droo ya duka msichana wa kaunta ndiye wa kwanza kushukiwa, na mtungi ukipasuka ni mtoto. Pengine ni wao kweli. Pengine biti imegeuka. Hatuwezi kujua kwa kupaza sauti. Tunaweza kujua kama kuna mtu alipewa kazi ya kushika bila kuhukumu, mwingine kuhukumu kwa sheria zilizoandikwa, mwingine kutafsiri kwa lugha ya watu, mwingine kuandika, na mwingine kutibu. Watu ambao wengi hatutawahi kukutana nao wamekaa miaka wakipanga hivyo kwa ajili ya kipande cha silikoni. Mtu je?

Kabla hujasema ni nani, uliza daftari liko wapi. Na kama halipo, anza kuandika leo.